Hesabu Kwanza au Breki Kwanza?



Siku hizi mwanamke kumiliki gari ya biashara si habari tena. Vikoba vimetufikisha. Huko visiwani mna wenzetu wenye Vitz za kukodisha na daladala za kwenda shamba. Sisi huku Malinyi, pembeni ya cherehani zetu na biashara ya mchele, tuna Noah moja tuliyoichangia, inabeba abiria kwenda Ifakara na kurudi. Hatuiendeshi sisi. Tumemkabidhi kijana, na jioni analeta hesabu. Leo tunataka tuizungumze hiyo hesabu, maana tukiangalia vizuri, ndiyo inayokula breki za gari zetu.

Maoni yetu ni haya: mwenye dhamana ya breki ni mwenye gari. Si dereva, wala si fundi. Na pesa ya breki itoke kabla hatujaita chochote faida.

Kwa nini tunasema hesabu inakula breki

Fikirini wenyewe. Kijana ameahidi kuleta kiasi fulani kila siku. Akiona breki zimeanza kulia, akienda gereji siku inakufa, na jioni simu yako inaita: "Hesabu iko wapi?" Atafanya nini? Atakwambia "bado zinashika, mama." Si mtu mbaya huyo, naye ana watoto. Lakini utaratibu wetu wenyewe umemfundisha kunyamaza.

Na njia yetu haina huruma. Kutoka Ifakara unavuka Mto Kilombero, unafika Lupiro, pale wa Mahenge wanakwenda zao na sisi tunashika njia ya Itete, Mtimbira mpaka Malinyi. Zamani kivuko kilitupumzisha kwa nguvu. Tangu tupate Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, gari zinakwenda na kurudi bila kusubiri. Alhamdulillah, biashara imefunguka. Lakini safari zikizidi, breki nazo zinakwisha haraka, na hesabu zetu nyingi hazikubadilika kuzingatia hilo.

Masika tope lenye mchanga linaingia kwenye magurudumu na kusaga kila kitu. Kiangazi vumbi linafanya kazi hiyo hiyo. Ikifika mavuno ya mpunga, ndiyo gari inabeba magunia na watu pamoja, na hapo kila mmoja anataka ifanye kazi bila kusimama. Yaani msimu ambao breki zinaumia zaidi ndio msimu ambao hakuna anayetaka kuzitazama.

Gari inasema, tusikilize

Sisi mafundi cherehani tunajua, sindano ikiwa butu haisemi. Inaanza kuruka mishono. Asiyeijua kazi atalaumu uzi. Breki ni hivyo hivyo, zina dalili zake, na hazihitaji cheti cha veta kuzitambua:

- Mlio mwembamba wa kukwaruza ukikanyaga. Pedi nyingi za breki (msicheke mashoga, ndivyo zinavyoitwa) zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi. Pedi ikikaribia kwisha, kile kibati kinagusa diski na kulia. Ni onyo, bado una muda kidogo.
- Mlio mzito wa chuma kusaga chuma. Hapo pedi imekwisha na diski inaliwa. Ungenunua pedi peke yake, sasa utanunua pedi na diski. Kuchelewa hakukuokoa pesa, kumeiongeza.
- Pedeli inazama au laini kama sponji. Kuna upepo ndani ya mfumo au mafuta ya breki yanavuja. Dereva akikanyaga mara mbili tatu ndipo gari ishike, msimsifu kwa ufundi. Mteremsheni.
- Gari inavutia upande mmoja. Breki ya upande mmoja inashika kuliko ya pili.
- Usukani au pedeli inatetemeka ukipunguza mwendo. Mara nyingi diski haiko sawa.
- Harufu ya kuungua na gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine. Breki imeng'ang'ania, haiachii.
- Taa nyekundu ya breki. Kama breki ya mkono imeshushwa na taa bado inawaka, gari isimame.

Kuna kipimo hata abiria wa kiti cha mbele anaweza kumwomba dereva akifanye kabla hamjaondoka: gari ikiwa imewashwa, akanyage breki kwa nguvu na aendelee kukanyaga huku akihesabu mpaka 10. Pedeli ikishuka polepole kuelekea chini, gari hiyo haiendi popote.

Fungueni boneti pia. Kuna kikopo kidogo cha mafuta ya breki chenye alama ya juu na ya chini. Mafuta yakishuka, kuna mambo mawili: pedi zimelika au kuna mahali panavuja. Kujaza tu na kufunga kifuniko ni kufunika maradhi kwa kanga. Na kwenye kifuniko kile imeandikwa aina inayotakiwa, DOT 3 au DOT 4. Msikubali mtu aweke oili ya injini eti "ni mafuta tu". Inavimbisha mipira ya ndani na breki zinakufa. Mafuta ya breki yenyewe yanavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ni vyema yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Nyinyi wa pwani mjue zaidi, na hewa ya chumvi inaotesha kutu kwenye diski ya gari inayolala siku nyingi bila kutembea.

Gereji msiogope

Wanawake wengi tukifika gereji tunakaa pembeni na simu. Tunasema: sogea, tazama. Mwambie fundi akuonyeshe pedi za zamani. Pedi mpya ni nene, karibu milimita 10 au zaidi. Ikibaki milimita 3, kama sarafu mbili zilizobebana, ibadilishwe. Zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, usikubali upande mmoja. Gari nyingi ndogo zina diski mbele na dramu nyuma, basi mwambie afungue na nyuma, maana tope linajificha humo. Na spea ya bei ya kutupa uiulize mara mbili. Kama unavyojua kitenge feki kwa kukishika, jifunze duka lenye spea halali.

Dereva naye mkumbushe: akitoka kwenye maji, akanyage breki kidogo kidogo huku akienda taratibu mpaka zikauke. Kwenye mteremko ashike gia ndogo, asining'inie kwenye breki mpaka zichemke, kwani breki iliyochemka inaacha kushika. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Hiyo si hesabu ya kuvutana nayo.

"Mungu ndiye mlinzi"

Tunaambiwa hivyo kila tukigusa jambo hili, na ni kweli, Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Lakini dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha ndiyo tutegemee. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo zilisema breki zilifeli. Tunaitamka kauli hiyo, "breki zilifeli", kama tunavyosema mvua ilinyesha. Breki mara nyingi hazifeli ghafla. Zinalia, zinanuka, zinazama, wiki baada ya wiki, na kuna mtu alisikia.

Abiria aliyelipa nauli ametupa amana. Yule mama wa Mtimbira anayepanda na mtoto kwenda hospitali Ifakara hajui pedi ni nini. Ametuamini sisi.

Tunachopendekeza

Sisi tumeweka hivi. Kila wiki fungu dogo linatoka kwenye hesabu na kuingia kwenye kibubu cha breki na matairi, na haligawanywi hata ikija sikukuu. Kila mwezi kuna siku moja ya gereji, na siku hiyo hatudai hesabu. Na dereva akituletea habari ya mlio, anashukuriwa, hafokewi. Hili la mwisho halina gharama yoyote, na tunaliona ndilo kubwa kuliko yote.

Watakaosema mtaji wao ni mdogo hauruhusu siku moja ya kusimama, tunawaelewa, tumo humo humo. Lakini biashara isiyoweza kulipia breki zake bado haijaweza kubeba watu. Ibebe magunia kwanza, taratibu, mpaka iweze.

Leo jioni kijana akileta hesabu, kabla hujahesabu noti muulize: "Breki zinasemaje?" Kisha umsikilize.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, wa nchi kavu na wa baharini. Amin.