VISU VYA WAZEE WETU VINATOKA BILA JINA

Katika namba hii tunataka kusema neno juu ya visu. Si vile vya jikoni, wala panga zetu za salongo, lakini visu vya zamani, vile vilivyofungwa katika kitambaa na kuwekwa chini ya kitanda cha mzee. Labda wengine watacheka na kusema: hawa wamekosa mambo ya kuandika? Someni kwanza, mtacheka kisha.

Wote tunajua barabara ya Buta inapita hapa Bengamisa. Mizigo inayoshuka Kisangani inapita mbele ya macho yetu: mpunga, mawese, mihogo, kuku waliofungwa miguu juu ya kinga. Katikati ya mizigo hiyo mara nyingine kunapita pia kisu cha zamani ndani ya mfuko wa mtu, na hakuna anayekiona. Wanunuzi wanakuja na pikipiki, wanasalimu wazee vizuri sana, wanakaa chini ya baraza, na kisha wanauliza: «Koko, hakuna ile vitu ya zamani ya chuma hapa? Leta tuone tu.» Kuona tu! Jioni kisu kimekwenda.

Mwenzetu mmoja alitueleza namna kisu cha kwao kilivyotoka. Ilikuwa wakati wa kulipa minervali, na baba yake hakuwa na feza. Mnunuzi alitoa noti pale pale, mtoto akarudi darasani siku ya pili. Tukamwuliza: kisu kile kiliitwa namna gani? Hakujua. Ni nani alikifua? Akajibu kwamba baba yake anajua, hata ukoo wa yule fundi anaujua, lakini mnunuzi hakuuliza neno hilo. Aliuliza tu kama kutu imekula makali ao hapana.

Hatuna neno baya kwa yule baba. Kisu hakisomi, mtoto ndiye anasoma. Mtu asituambie kwamba heri mtoto afukuzwe shuleni kuliko chuma kitoke nyumbani. Shida yetu iko pahali pengine: kisu kilitoka bila jina. Bei ilipatikana, jina likapotea, na jina halikuwa na sababu yoyote ya kupotea.

Tuelewe kwanza visu hivi ni vitu gani. Katika mkoa wetu na kule Uele, chuma kilikuwa kazi kubwa mbele ya Wazungu kufika. Wafua chuma walitoa chuma katika mawe kwa moto wa makaa na mivukuto, wakakipiga kwa nyundo juu ya jiwe gumu ao chuma kingine, na kutoka pale walipata jembe, mkuki, shoka na kisu. Mwanachuoni wa Kijerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka wa 1870, alisifu sana mafundi wa chuma wa kule, na mwaka wa 1875 alitoa kitabu chenye picha za vitu vyao. Wamangbetu walikuwa na kisu kilichoinama kama mundu, ambacho mtu mwenye cheo alikishika mkononi ili watu wamjue. Wazande walikuwa na kisu cha kurusha, chenye makali pande nyingi, wanachokiita kpinga. Kwetu karibu, upande wa Walokele na Watopoke, kulikuwa na chuma kirefu chenye umbo la mkuki, vingine vinafika kimo cha mtu. Hakikuwa cha vita. Kilikuwa feza ya mahari. Wakusanyaji wa Ulaya wanakiita liganda ao ngbele.

Kwa hiyo tusifikiri kila chuma cha zamani ni kitu cha kuua ao cha mizimu. Tunajua wazazi wengine wanaona haya kukaa na vitu hivi. Wanasema ni mambo ya giza, heri viende. Labda viko vingine vya namna hiyo, wazee wenyewe watasema. Lakini chuma cha mahari ni ushuhuda tu kwamba nyanya yetu aliolewa kwa heshima, mbele ya jamaa mbili. Kuna ubaya gani katika hiyo? Ni kama karatasi ya ndoa, ila hii hailiwi na mchwa.

Sasa tutazame wenzetu wa mbali wanafanya namna gani. Katika inchi za Wazungu kuna maonyesho ya visu, soko kubwa ambamo watu wanalipa kiingilio ili watembee kati ya meza na kununua visu, hasa vile vidogo vya kukunja na kutia mfukoni. Wengi hawanunui ili wakate kitu. Wananunua ili wakae navyo ndani ya kisanduku, kama mtu anavyokusanya tembre za posta. Marekani wako na Blade Show, iliyoanza mwaka wa 1982, na siku hizi inafanyika kila mwaka katika mji wa Atlanta. Ufaransa wako na maonyesho yao katika Thiers, mji ambao watu wake wametengeneza visu kwa karne nyingi.

Na pale juu ya meza, mnunuzi anatafuta nini kwanza? Jina! Anageuza kisu, anatafuta alama ya fundi karibu na mpini. Mwaka wa 1565 mfalme Charles IX wa Ufaransa alitoa amri kwamba kila fundi mkubwa wa visu apige alama yake juu ya kazi yake. Joseph Opinel wa Savoie, aliyeanza kutengeneza kisu chake cha kukunja mwaka wa 1890, alichagua mwaka wa 1909 alama ya mkono wenye taji, na alama hiyo iko juu ya visu vya Opinel hata leo. Kule Marekani kulikuwa na fundi Bob Loveless, aliyekufa mwaka wa 2010. Kisu chenye jina lake kinauzwa maelfu ya dola. Chuma ni chuma. Wanachokilipia zaidi ni jina.

Visu vyetu navyo viko kule Ulaya na Marekani. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walitembea kaskazini-mashariki ya inchi yetu kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, wakarudi na maelfu ya vitu, na visu ndani yake. Tervuren, karibu na Bruxelles, kuna vingine vingi sana. Na katika mtaa wa Sablon, Bruxelles, kuna maduka yanayouza vitu vya namna hii kwa bei kubwa. Mara nyingi karatasi iliyo chini ya kisu inasema: kabila fulani, Kongo, karne ya 19. Basi. Kana kwamba kabila zima lilishika nyundo moja na kupiga pamoja! Lakini kisu hufuliwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina, mke, watoto, na wateja waliomgombeza kwa sababu kazi inachelewa.

Jambo moja linatuchekesha na kutuumiza pamoja. Mnakijua kile kisu cha kukunja chenye mpini wa mti na alama za mwezi na nyota, kinachoitwa Okapi? Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka wa 1902, ili kiuzwe katika makoloni yao ya Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Okapi ni mnyama wa msitu wetu, wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka wa 1901 tu. Hivi, jina la mnyama wetu likapata pahali juu ya kisu cha Wajerumani, na jina la fundi wetu likakosa pahali hata juu ya kipande cha karatasi.

Wale wanaopenda Biblia wafungue Mwanzo 4:22. Pale mfua vyuma ameandikwa kwa jina lake, Tubal-Kaini, na hata dada yake pia.

Tunajua iko sheria. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya utamaduni wa inchi, na kitu cha zamani hakiwezi kuvuka mpaka bila ruhusa ya Serikali. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haikai chini ya baraza ya mzee siku ile mnunuzi anafika na pikipiki. Mwanafunzi ndiye anakaa pale. Sisi tunajua kuandika, na kalamu tuko nayo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Shuleni kuwe na daftari moja kubwa ya visu. Kila mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna kisu ao mkuki ao chuma cha mahari amwulize mzee: kinaitwaje kwa lugha yetu, ni nani alikifua, katika kijiji gani, kilifanya kazi gani, kilifika kwetu kwa njia gani. Mwenye kujua kuchora achore. Ikiwa kesho shida inaingia na baba anauza, sawa, lakini mnunuzi apewe karatasi yenye jina la fundi, na aongeze bei kwa sababu ya jina. Kama anakataa karatasi, tutajua yeye ni mtu wa namna gani.

Tunaomba pia siku moja ya maonyesho mwisho wa mwaka, wazee walete visu wao wenyewe na warudi navyo. Tualike na wafua chuma walio hai, wale wanaotengeneza panga na majembe kwa resori za motokari mbovu, na wapige alama zao juu ya kazi yao mbele yetu. Wengine wanaogopa kwamba visu vitaleta ugomvi. Kila juma tunakuja na panga kwa ajili ya salongo, na mpaka leo majani tu ndiyo yamekatwa. Tena hata majani si yote.

Daftari tumekwisha kuinunua kwa feza ya darasa. Inakaa kwa katibu wa gazeti hili, na ukurasa wa kwanza umekwisha kujaa: mwenzetu yule alirudi kwa baba yake, akauliza, akaandika jina la fundi wa kile kisu kilichouzwa, ingawa kisu chenyewe hatujui kimefika wapi. Wengine walete habari zao mbele ya mitihani. Visu vyenyewe vibaki nyumbani.