TEMBO WA PROSESA NA SISI WANUNUZI

Ukipita leo katika maduka ya kompyuta na simu, toka Mwenge na Sinza mpaka Manzese, na toka Tandika mpaka Mbagala Rangi Tatu, utasikia ubishi mmoja. Huyu asema mashine ni Intel tu. Mwenzake asema Intel imekwisha, siku hizi ni AMD. Wenye simu nao wana ubishi wao wa Snapdragon na MediaTek, na ukali wake haupungui ule wa Simba na Yanga. Sisi hatuwakatazi vijana kubishana. Lakini yatupasa kuuliza: katika mashindano haya ya mabwana wakubwa, mnunuzi wa Temeke na Kinondoni ana fungu gani?

Twauliza hivyo kwa kuwa mzazi anayejinyima ili mwanawe wa chuo apate kompyuta ya mtumba hanunui prosesa aliyoichunguza. Ananunua stika iliyobandikwa kwenye mashine, pamoja na maneno ya muuzaji. Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu zote za mashine. Bila hicho kompyuta ni sanduku tu. Asiyejua thamani ya kipande hicho atalipa bei ya ng'ombe apewe mbuzi.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika jambo hili methali yageuka. Tembo wa prosesa walipopigana, nyasi zilinawiri. Mmoja alipotawala pori peke yake, ndipo nyasi zilipokauka. Tutaonyesha.

Intel ilianzishwa Marekani mwaka 1968, na AMD mwaka 1969. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani ilichagua prosesa ya Intel, lakini haikukubali kumtegemea mtengenezaji mmoja. Ilidai awepo wa pili. Ndipo mwaka 1982 Intel na AMD zikafanya mkataba, na AMD ikapata ruhusa ya kutengeneza prosesa za namna ile ile. Tazameni sana hapo, ndugu. Mashindano hayakuletwa na huruma ya mwenye kiwanda. Yaliletwa na mnunuzi mkubwa aliyejua kudai.

Mwenye nguvu hapendi kugawana. Intel ilipotoa prosesa yake ya 386 mwaka 1985 ilikataa kumpa mwenzake siri zake. Wakashitakiana miaka mingi. AMD ikatoa 386 yake mwenyewe mwaka 1991, na ugomvi ule haukumalizika mpaka mwaka 1995. Mwaka huo huo wa 1991 Intel ilianza kampeni ya stika ya "Intel Inside", ikiwasaidia waunda kompyuta gharama za matangazo ili waibandike alama yake. Stika tunayoiabudu Kariakoo haikuwekwa ili kumfundisha mnunuzi. Iliwekwa ili aache kuuliza.

Mwezi wa Mei 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Ilisema kwamba Intel iliwapa waunda kompyuta punguzo la bei kwa sharti la kununua kwake prosesa zote au karibu zote, na tena iliwalipa baadhi yao ili wacheleweshe bidhaa zenye prosesa za AMD. Mwezi wa Novemba mwaka huo Intel ikakubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi zao. Haki yataka tuseme pia kwamba mwaka 2022 mahakama ya Ulaya iliifuta faini ile, kwa kuwa hoja ya mapunguzo haikuthibitishwa ya kutosha. Mwaka 2023 Tume ikatoza upya euro milioni 376 kwa ajili ya yale malipo ya kuchelewesha bidhaa.

AMD ilipodhoofika, nini kilitokea? Kwa miaka mingi prosesa ya kawaida ya mezani ya Intel ilikaa kwenye viini vinne, yaani kama mafundi wanne katika karakana moja. Mwaka 2017 AMD ikaleta Ryzen yenye viini vinane. Mara Intel ikapata uwezo wa kutoa viini sita mwaka huo huo, na vinane mwaka 2018! Je, elimu hiyo ilishuka kutoka mbinguni kwa siku moja? La. Mwenye duka alipoona jirani yake amefungua mlango, naye alifungua wa kwake.

Wako watakaosema haya ni ya Wazungu, hayatuhusu. Twawakumbusha kwamba nchi hii imekwisha kuonja shubiri hiyo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza. Kampuni ya ICT nayo ilikuwa katika mbio kali na IBM ya Marekani, hata mwaka 1968 ikaunganishwa na nyingine ikawa ICL ili iweze kupambana. Sisi tuliingia katika soko hilo bila mafundi wetu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na masharti hayo yakaja kulegezwa baadaye. Hatuwahukumu waliofunga mlango, maana mashine ambayo fundi wake lazima apande ndege kutoka Ulaya ni mzigo. Lakini kufunga mlango hakukutupa elimu, wala kuufungua wazi wazi bila mlinzi hakutupi.

Mlango bila mlinzi tumeuona vilevile. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini. Ilikuwa kazi ya lazima. Lakini aliyebaki na simu iliyokufa mkononi alikuwa mnunuzi, ambaye alikwisha kulipa fedha yake kwa imani.

Leo hatari imekuja kwa sura nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa kawaida huzikataa prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na za AMD zilizotangulia Ryzen 2000. Kwa hiyo ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuzitupa mashine nyingi za zamani, na mashine zilizotupwa huko hutafuta mnunuzi huku kwetu. Mashine hizo si takataka zote. Nyingi hufanya kazi vizuri kwa Linux, na shule yaweza kunufaika nazo. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya mpya kwa sababu ya stika ya "i7".

Basi jueni hivi. Usiishie kwenye i3, i5 au i7. Itazame namba ifuatayo. Katika i7-2600, ile 2 ya mwanzo yaeleza kizazi cha pili, nacho ni cha mwaka 2011. Katika i3-8100, ile 8 ni kizazi cha nane. Hiyo i3 yaweza kushindana na i7 ile ya zamani, tena Windows 11 huikubali. Muulize muuzaji namba kamili kabla hujatoa pesa, na akikataa kuiwasha mashine uione, ondoka.

Na kuhusu simu, wabishi wajue wanabishania watoto wa tumbo moja. Prosesa za Qualcomm ya Marekani, MediaTek ya Taiwan na Unisoc ya China karibu zote hufuata ramani za Arm, kampuni iliyoanzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1990. Na TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987, ndiyo izitengenezayo chipu za AMD, Apple, na nyingi za Qualcomm na MediaTek. Hata Intel yenyewe huipa baadhi ya kazi zake. Mashindano ni makubwa dukani, lakini tanuri ni chache mno. Hao wanaotuhubiria kwamba serikali isiguse biashara wameona hatari hiyo: mwezi wa Agosti 2025 Serikali ya Marekani ilikubali kuchukua karibu asilimia 10 ya hisa za Intel. Mkubwa anapolinda kiwanda chake, mdogo asiambiwe alale.

Sisi twadai nini?

Kwanza, zabuni za shule, hospitali na halmashauri zetu zisitaje jina la mtengenezaji mmoja. Zieleze kazi inayotakiwa, kisha Intel na AMD wagombee. Na nchi za Afrika Mashariki zikinunua pamoja, zitasikilizwa kama IBM ilivyosikilizwa mwaka 1981. Mtu mmoja mmoja hana sauti mbele ya kampuni hizi.

Pili, Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, iwatazame waingizaji wa mashine za mtumba. Kila mashine iuzwe na karatasi inayotaja prosesa, kizazi chake na mwaka wake, kwa Kiswahili. Tajiri mwaminifu hatapungukiwa na kitu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, elimu. Silikoni hutoka katika madini ya namna ya mchanga, na mchanga si kitu kigeni Mbagala. Lakini hakuna aliyetajirika kwa kuuza lori la mchanga kama anayeuza prosesa. Thamani imo katika akili iliyoingia humo. Pale Nyeri, Kenya, kiwanda kidogo cha Semiconductor Technologies kimeanza kazi kando ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Tena tangu mwaka 2010 wanachuo wa Berkeley, Marekani, walianza ramani ya prosesa iitwayo RISC-V, ambayo mtu yeyote duniani aweza kuitumia bila kulipa ada. Hiyo haihitaji kiwanda cha mabilioni ili kujifunza. Yahitaji mwalimu, kompyuta na umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT na VETA Chang'ombe wana vijana wa kuifanya. Tusiwaache waishie kubandua skrini na kubadili betri.

Hatusemi kwamba kesho tutakuwa na Intel ya Temeke. Mwenye kusema hivyo awadanganya wananchi. Twasema kwamba mtu asiyejua anachokinunua, asiyenunua pamoja na wenzake, wala hasomeshi mwanawe ufundi wa kitu hicho, atabaki kuwa nyasi daima, tembo wapigane au wapatane.

Basi ndugu, ubishi na uendelee vijiweni. Ila Jumamosi hii atakayekwenda dukani aende na fundi amjuaye, aisome namba, na akirudi amfundishe jirani yake.