CHETI UKUTANI, HAKI MLANGONI

Twafurahi kila tuonapo mfanyakazi aliyetoka zamu akifungua kitabu badala ya kuulalia uchovu wake. Siku hizi, kwa njia ya intaneti, karani wa Tanga au fundi wa Mwanza aweza kusoma katika chuo kikuu cha Marekani pasipo kupanda meli wala ndege, na baada ya wiki chache akapewa cheti. Miongoni mwa masomo yafundishwayo hivyo limo lile liitwalo utofauti na ujumuishi, yaani elimu ya kuajiri watu, kuwapandisha vyeo na kufanya nao kazi bila kumnyima mtu haki yake kwa sababu ya rangi, kabila, dini, jinsia, umri au ulemavu.

Somo ni jema. Lakini yatupasa kuuliza swali ambalo wanaotoa cheti hicho na wanaokipokea mara nyingi hawaliulizi: baada ya cheti kutundikwa ukutani, ni nani aliyeingia mlangoni ambaye jana alikuwa nje? Kama hakuna, basi ada imelipwa, na haki haijalipwa.

Tuanze huko Marekani, ambako somo hili limekua. Wanaolifundisha leo ni wanazuoni, lakini waliolilima shamba lake walikuwa watumishi na vibarua. Mwaka 1925 watumishi weusi wa mabehewa ya kulala ya reli waliunda chama chao, na kiongozi wao akawa A. Philip Randolph, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma masomo ya jioni katika City College mjini New York. Watu wale walitandika vitanda vya abiria na kung'arisha viatu vyao usiku. Iliwachukua miaka 12, hadi 1937, kuifanya kampuni ya Pullman itie sahihi mkataba nao.

Kisha ukaja mwaka 1941. Viwanda vya silaha vilikuwa vikiajiri watu kwa wingi na huku vikiwafungia milango Weusi. Randolph alimwambia Rais Franklin Roosevelt kwamba Weusi wataandamana hadi Washington. Mnamo tarehe 25 Juni mwaka huo, kabla maandamano hayajafanyika, Roosevelt alitia sahihi Amri 8802, iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi na katika utumishi wa serikali. Baadaye, mwaka 1964, Bunge la nchi ile lilipitisha Sheria ya Haki za Raia, iliyomkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, asili, dini au jinsia yake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitoa Amri 11246, iliyowadai wenye zabuni za serikali wachukue hatua za kuhakikisha kwamba wote wanapata nafasi sawa. Waajiri walipoona kwamba waweza kushtakiwa, ndipo walipoanza kuwapeleka wakubwa wa kazi darasani. Yafaa tuzingatie mfuatano huo: kwanza umoja wa wafanyakazi, kisha sheria, na darasa likaja nyuma.

Asije mtu akadhani kwamba darasa hilo halina ugonjwa wa kutibu. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitoa matokeo ya jaribio lao katika miji ya Boston na Chicago. Walipeleka kwa waajiri barua za maombi ya kazi karibu 5,000 zenye sifa zinazolingana. Baadhi walizitia majina kama Emily na Greg, ambayo Wamarekani huyahesabu kuwa ya Wazungu. Nyingine wakazitia majina kama Lakisha na Jamal, yanayohesabiwa kuwa ya Weusi. Majina ya Kizungu yaliitwa kwa usaili mara moja na nusu zaidi ya yale mengine. Elimu ilikuwa ile ile, na ujuzi ule ule. Kilichohukumiwa ni jina. Sisi tunaojua jinsi jina la ukoo linavyoweza kumtaja mtu kabila lake na dini yake kabla hajafungua kinywa, hatuhitaji kufasiriwa jambo hili.

Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, makampuni mengi yalitangaza kwamba yatabadilika, na masomo ya vyeti yakapata wasomaji wengi kuliko awali. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha South Florida kilitoa somo la wiki saba kuhusu utofauti, usawa na ujumuishi kazini, bila ada, kwa njia ya intaneti, na makumi ya maelfu ya watu wakajiandikisha. Twawasifu walioiona njaa ile ya elimu wakagawa chakula bure. Hata hivyo, wingi wa wasomaji ni jambo moja, na matunda ya somo ni jambo jingine.

Kuhusu matunda hayo tunao ushahidi. Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walitoa uchunguzi wao wa sehemu za kazi 708 za makampuni binafsi ya Marekani, kwa kipindi cha kutoka 1971 hadi 2002. Walitaka kujua ni mbinu ipi iliyowaingiza wanawake na Weusi katika vyeo vya umeneja. Mafunzo ya kuwaondolea wakubwa chuki na upendeleo yalionekana kuwa miongoni mwa mbinu dhaifu kabisa. Mbinu iliyozaa zaidi ilikuwa ile ya kumpa mtu au kamati wajibu: kuwe na mpango ulioandikwa, kuwe na afisa anayeulizwa habari za mpango huo, na kuwe na watu wanaozitazama hesabu. Tena mafunzo yenyewe yalifaa zaidi mahali palipokuwa na wajibu wa namna hiyo. Mwaka 2016 Dobbin na Kalev waliongeza neno zito: makampuni yaliyowalazimisha mameneja wao kuhudhuria mafunzo hayo, miaka mitano baadaye yalikuwa na upungufu wa wanawake weusi katika umeneja wa asilimia 9 kwa wastani.

Sababu yake si vigumu kuitambua. Mkubwa aliyeswagwa darasani kama mbuzi hurudi na kinyongo, na kinyongo hicho humwangukia yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Tena hurudi kwenye kiti kile kile, akiwa na kalamu ile ile ya kuajiri na kufukuza, wala hapana anayemwuliza, “Mwaka huu umemwajiri nani? Umempandisha nani? Na kwa nini?” Mtu ajuaye kwamba mwisho wa mwaka ataulizwa maswali hayo mbele ya wenziwe, huyo hutazama mara mbili barua aliyotaka kuitupa. Darasa humwonyesha njia, na wajibu ndio umtembezao.

Limo fundisho jingine, na hili ni la hivi karibuni. Mwaka 2023 jimbo la Florida, jimbo lile lile lililokuwa limegawa somo bure, lilipitisha sheria ya kuvizuia vyuo vyake vya umma kutumia fedha kwa mipango ya utofauti na ujumuishi. Tarehe 21 Januari 2025 Rais Donald Trump aliifuta Amri 11246, iliyokuwa imedumu kwa karibu miaka 60. Wapinzani wa mipango hiyo husema kwamba inawagawa watu kwa rangi, na kwamba kazi yapasa apewe anayeistahili. Neno hilo la mwisho twaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini Jamal aliyenyimwa usaili alikuwa akiistahili kazi sawasawa na Greg. Atakaye stahili ya kweli hana budi kwanza kuondoa kile kinachomzuia kuiona.

Tazameni basi kilichofutika na kilichobaki. Amri ya Rais imefutwa kwa kalamu ya Rais mwingine. Sheria ya 1964, iliyopitishwa na Bunge baada ya watu kuandamana, kufungwa na hata kuuawa, kalamu hiyo haina uwezo wa kuifuta. Haki iliyoegemea ukarimu wa mkubwa huondoka pamoja na mkubwa.

Na sisi je? Katika Tanganyika, Januari 1964, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia wa nchi, awe wa rangi yoyote, hatabaguliwa tena katika kuajiriwa na kupandishwa cheo katika utumishi wa serikali. Ilikuwa kauli ngumu kwa wengi waliokuwa wametoka kuonja ubaguzi wenyewe. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kazini, na zaidi ya hapo yamtaka mwajiri aandikishe kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza nafasi sawa na kuondoa ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu walio na sifa za kazi. Kwa kiwanda chenye wafanyakazi 200, hao ni watu 6. Si hesabu ya kumshinda mtu. Mtoto wa shule aweza kuifanya.

Hivyo kile ambacho wachunguzi wa Marekani walikiona kuwa ndicho kizaacho, yaani mpango ulioandikwa na mtu wa kuulizwa, kwetu tayari kimo katika sheria. Kinachotakiwa ni watu wanaoijua na wenye ujasiri wa kuuliza. Ndiyo maana hatumkatazi mfanyakazi yeyote kukitafuta cheti. Ila kabla hajatoa shilingi yake, na aulize mambo matatu. Je, somo hili lafundisha sheria ya kazi ya nchi ninamofanya kazi, au lafundisha adabu ya maneno tu? Je, lanifundisha kuzisoma hesabu za walioajiriwa, waliopandishwa na waliopunguzwa? Na je, nikirudi kazini, nitapewa wajibu gani? Kama majibu yote matatu ni ya kusitasita, heri fedha hiyo imlipie mtoto ada ya shule.

Kwa waajiri twasema hivi. Msijivunie picha za wafanyakazi wenu wakipokea vyeti, ikiwa ngazi za kuingilia ofisini mwenu bado zamzuia mtu mwenye kigari cha magurudumu, na ikiwa msichana mjamzito bado aogopa kuwaambia hali yake. Mpeni aliyesoma nafasi katika kamati inayochagua watu, na mumruhusu kuzitazama hesabu zenu.

Na kwenu viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, kazi ipo na haihitaji ada. Katika mkutano ujao, simameni mwulize: mpango wetu wa nafasi sawa u wapi, uliandikishwa lini, na ni nani anayeusimamia? Mkijibiwa kwamba haupo, takeni uandikwe. Mkijibiwa kwamba upo, takeni usomwe mbele ya wote. Naye aliyepata cheti na asaidie kuufasiri. Hapo ndipo elimu yake itakapojulikana kuwa ni elimu.

Wazee wetu walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta ya cheti ni nzuri kuitazama. Lakini mwenzetu aliyesimama nje ya mlango, na barua yake ya maombi mkononi, angojea asali.