Kabla ya kubandika kope, zikague zako

Msimu wa harusi ukifika, saluni za mjini hujaa akina dada wanaotaka kubandikwa kope ndefu. Sina neno nao, maana kupendeza si dhambi. Neno langu ni kwako wewe unayeketi kitini na kufumba macho bila kujua hali ya kope ulizozaliwa nazo.

Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, alibandikwa Ijumaa ili aende harusini kesho yake. Alikuwa na chokea iliyoanza kuchomoza jicho la kushoto. Alipomwonyesha mhudumu, akajibiwa kwamba itafichika. Jumamosi alfajiri alinibishia mlango, jicho limevimba hata halifunguki. Harusini hakufika.

Wiki moja kabla ya kwenda saluni, nawa uso, ondoa wanja wote, chukua kioo usimame dirishani. Usitumie taa ya bafuni, itakudanganya. Je, kuna mapengo? Kuna kope fupi? Zitazame ncha. Ukope mchanga huwa na ncha iliyochongoka, bali uliokatika huwa butu. Ukiona butu nyingi, kope zako zimechoka.

Hili si jambo dogo, kwa sababu kila uzi wa bandia hugundishwa juu ya ukope wako mmoja. Kwa kawaida ukope huishi miezi michache, ukang'oka wenyewe na mwingine ukamea. Kupoteza mbili tatu kwa siku si ajabu. Lakini ukiutwisha mzigo ukiwa dhaifu, utang'oka kabla ya wakati. Ukivutwa hivyo mara kwa mara, huenda usimee tena.

Sasa shuka kwenye mashina, na hapa usiwe na haraka. Magamba kama mba, ukoko wa asubuhi, wekundu na mwasho ni dalili kwamba kingo za macho zimeingia maradhi. Ukibandika juu yake, uchafu hunaswa, nawe utaogopa kuosha usije ukang'oa shilingi zako! Na kope zikipukutika pamoja na nyusi, pengine tezi ya shingoni ina hitilafu. Nenda hospitali, saluni itangoja.

Ukiridhika, bado kuna gundi. Nyingi ni za jamii ya sayanoakrileti, ndugu yake ile supaglu ya fundi wa viatu. Mwombe mhudumu akubandike nyuzi mbili tatu tu, kisha usubiri saa 24 hadi 48. Jicho likiwasha au kuvimba, ziondolewe na yaishie hapo. Mhudumu akikataa kukujaribia, beba mkoba wako uondoke.

Binti yule alitibiwa akapona, ila kope za jicho lile zilibaki na pengo. Juzi alikuja kuazima kioo, akasimama nacho dirishani kwa muda mrefu. Aliponirudishia alisema atangoja mwezi mmoja zaidi.