Uvumbuzi usipimwe baada ya kitendawili kuteguliwa

Kitendawili kikishateguliwa, kila aliyekuwa barazani hudai jibu alikuwa nalo. Kasoro hiyo huzikumba pia ofisi zinazotoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, zinapoamua iwapo mtambo mpya ni uvumbuzi wa kweli au ni jambo lililokuwa dhahiri kwa fundi yeyote wa fani hiyo.

Kesi ya kampuni ya Glatt Air Techniques, iliyoamuliwa mwaka 2011 na mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya hataza, ni somo kwa wawekezaji. Mtambo uliobishaniwa hurusha chembechembe juu kwa nguvu ya hewa, zikapita kwenye mnyunyizo na kupakwa tabaka la nje, kama ifanyikavyo viwandani kwa chembechembe za dawa. Tatizo ni kwamba nyingine ziliuingia mnyunyizo mapema mno, karibu na mdomo wa bomba, zikashikamana kuwa mabonge. Ufumbuzi ulikuwa kinga iliyowekwa kando ya mdomo huo.

Ofisi ya Hataza ilisema kinga hiyo ni jambo dhahiri, ikitegemea hataza ya zamani. Mahakama ilikataa, kwa kuwa hataza hiyo haikufundisha kuukinga mnyunyizo unapoanza. Aidha, Ofisi ilikosea kuupuuza ushahidi wa mauzo kwa kisingizio kwamba mitambo iliyouzwa ilikuwa na aina moja tu ya kinga.

Uamuzi huo ni wa haki. Si kwamba kila nati mpya ilindwe. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilionya dhidi ya hataza za kuunganisha tu vitu vya zamani na kupata matokeo yaliyotarajiwa. Lakini anayedai jambo ni dhahiri atoe sababu, tena kwa maarifa ya siku uvumbuzi ulipofanyika.

Hataza ikifutwa, washindani huruhusiwa kunakili mtambo, na faida iliyotegemewa hupungua. Kwa hiyo mwenye mtaji asiridhike na cheti cha hataza. Aulize: ni tatizo gani limetatuliwa? Je, waliotangulia waliliona? Na wateja wananunua kwa ajili ya kifaa hicho kipya, au kwa jina la kampuni tu? Majibu yakikosekana, hisa hizo ziuzwe kwa bei ya chuma, si ya uvumbuzi.