Kukosa Usingizi na Faida ya Kutembea



Miongoni mwa neema ambazo mtu hajui thamani yake mpaka zimwondoke ni usingizi. Anayelala vizuri hana habari nao. Bali aliyekesha siku tatu mfululizo, akasikia jogoo wa kwanza hata wa pili na jicho li wazi, huyo ndiye ajuaye. Malalamiko haya twayasikia katika nyumba nyingi, wala si kwa wazee peke yao. Sisi tunaosomesha madrasa twaona asubuhi vijana wa miaka 14 na 15 wakisinzia juu ya misahafu, na tukiwauliza hujibu ya kwamba usiku hawakulala.

Linalotuhuzunisha zaidi ni namna watu wanavyotafuta dawa. Mtu hununua vidonge vya usingizi pasipo kuandikiwa na daktari, akavimeza usiku baada ya usiku. Vidonge hivyo vina mahali pake, vikitolewa na daktari kwa muda mfupi. Lakini vingi katika hivyo mwili huvizoea, hata mtu asiweze kulala bila ya hivyo. Na mzee aliyevimeza huweza kuamka usiku kwenda msalani na kichwa kizito, akaanguka, akavunjika nyonga. Basi yafaa tujue ya kwamba iko njia nyingine isiyohitaji fedha, nayo ni kuushughulisha mwili mchana.

Jambo hili si dhana tu. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walieleza habari za watu 43 wenye umri wa miaka 50 hadi 76, wasiokuwa na desturi ya mazoezi, ambao usingizi wao ulikuwa na taabu. Kundi moja liliachwa na hali yake. La pili lilipewa mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa mwendo wa haraka, dakika 30 hadi 40, mara 4 kwa juma. Baada ya majuma 16 waliofanya mazoezi walieleza ya kuwa, badala ya kungoja usingizi karibu nusu saa, sasa waupata kwa robo saa tu, na muda wao wa kulala umeongezeka kwa zaidi ya nusu saa.

Tuzingatie hapo hayo majuma 16. Wako watu ambao hujichosha siku moja, wakakimbia mpaka jasho likawatiririka, usiku wakakesha vile vile, kesho yake wakasema mazoezi hayana faida. Mazoezi si kidonge cha usiku mmoja. Mtoto anayeanza alifu leo hasomi juzuu kesho. Husoma harufi baada ya harufi, na siku moja huona amefika.

Ama sababu zake ni zaidi ya moja. Kwanza, kadiri mtu anavyokaa macho na kujishughulisha, ndivyo mwili unavyojiwekea haja ya usingizi. Na anayeshinda kitini, kisha akalala saa mbili nzima alasiri, haja hiyo huipunguza kabla ya usiku kuingia. Pili, mazoezi hupunguza wasiwasi, ambao ni adui mkubwa wa usingizi. Tatu, mwanga wa asubuhi huuongoza mwili kujua mchana umeanza lini na usiku uje lini. Kwa hiyo atembeaye nje asubuhi amepata faida mbili kwa mara moja.

Basi mzee atokaye msikitini alfajiri asiharakie kurudi kitandani. Kukipambazuka na azunguke mtaa kwa nusu saa, kwa mwendo ambao aweza kuzungumza na mwenziwe lakini hawezi kusoma kasida. Akifanya hivyo siku 5 katika juma, zatimia dakika 150, nacho ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima mwaka 2020. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wao wahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Kijana na aachiwe mpira wake wa jioni. Ila simu isilale naye kitandani.

Na mama wa nyumba je? Kuteka maji, kufua na kufagia ni kazi ya mwili, wala hatuidharau. Lakini mama ashindaye mbele ya jiko au cherehani hakutembea, ingawa amechoka. Yampasa mume awashike watoto saa moja, naye apate kutoka na jamaa zake kunyoosha miguu. Huo si upuuzi. Ni haki ya siha yake.

Wakati nao una hukumu yake. Mazoezi mazito saa moja kabla ya kulala huweza kuufukuza usingizi, kwa kuwa moyo hupiga mbio na mwili una joto. Kadhalika kahawa ya barazani baada ya isha: kwa watu wengi, kiasi cha nusu ya nguvu yake bado imo mwilini baada ya saa 5.

Hata hivyo, si kila kukesha huponywa kwa kutembea. Anayekoroma kwa nguvu na pumzi ikamkatika, anayeamka mara nyingi kwenda haja, au mwenye huzuni isiyomtoka, na amwone daktari. Mgonjwa wa moyo naye amuulize daktari kabla ya kuanza.

Ndugu zetu, anzeni na kidogo mnachoweza kukidumisha, na asiyeona faida juma la kwanza asikate tamaa. Inshallah usingizi utarejea.