Usitoboe pua ya pikipiki

Mwezi huu tuongee juu ya pua. Siyo pua ya mtu. Ni pua ya moteri: lile sanduku dogo chini ya kiti, lenye filtri ndani yake, ambamo pikipiki inapitishia pumzi. Vijana wengi wa njia ya Kasongo, Wamaza na Kabambare wanasadiki kwamba sanduku lile linainyima pikipiki nguvu. Utasikia mmoja anamwambia mwenzake: «Tosha ile filtri, toboa kesi matundu mane, utaona namna itavuta.» Na wengine wametoboa tayari.

Wazo lao si la kijinga. Nguvu ya moteri iko katika hewa zaidi ya watu wanavyofikiri. Ili kuchoma lita 1 tu ya esansi, moteri inameza hewa karibu lita 9000, yaani mapipa 45 ya lita 200. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani mtu mwenye gari la mbio anatumia pesa nyingi juu ya bomba la hewa. Analipanua, analinyoosha lisiwe na kona, tena analipeleka mbali na joto la moteri. Hewa ya digrii 60 ni nyepesi kuliko ya digrii 30, karibu sehemu 9 kwa 100, na hewa nyepesi inachoma esansi kidogo. Mwenye kupanda na pikipiki mpaka Bukavu, kwenye mita 1500 hivi, ameyaona hayo bila kusoma kitabu: kule juu pikipiki inachoka kwa sababu hewa ni haba.

Hewa ina thamani mpaka watu wameiiba. Mwaka 1995 sheria ya mashindano ya dunia ya rali ilisema hewa yote inayoingia katika turbo ipite katika tundu la milimita 34, ili magari yasizidi nguvu. Kampuni ya Toyota ikatengeneza kifaa cha ajabu: kikifungwa garini, kinafungua njia ya pembeni na hewa inapita bila kupimwa, kikifunguliwa na wakaguzi, njia inajifunga yenyewe, huoni kitu. Waligunduliwa katika rali ya Catalunya huko Hispania, wakafukuzwa mashindanoni mwaka mzima. Tajiri mkubwa namna ile, aibu yote hiyo kwa ajili ya hewa!

Lakini tazama sasa. Gari la Toyota Celica lilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1992, 1993, 1994 na 1995. Lilipokwenda Safari, watu wale wenye tamaa ya hewa hawakutoa filtri. Walifanya kinyume: waliongeza bomba refu lililopanda kando ya kioo mpaka juu, ili gari livute hewa juu ya maji na juu ya vumbi. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, vumbi la Naivasha, laini kama unga wa muhogo, liliwasumbua hata mabingwa. Mtu anayeshindania sekunde moja analinda pua ya gari lake. Sisi tunaobeba mtu na gunia la mchele, tunatoboa?

Kuna jambo la pili. Gari la mashindano lina kompyuta. Hewa ikizidi, kompyuta inaongeza esansi. Pikipiki yako ya 125 yenye karibireta haina akili hiyo. Ina jikleri, katundu kadogo ambako fundi wa kiwanda alikapima pamoja na sanduku lile lile unalotaka kulitoboa. Ukiongeza hewa bila kuongeza esansi, mchanganyiko unakuwa mkavu. Moteri inachemka, buji inakuwa nyeupe, na kwenye mlima mrefu pistoni inaweza kushika. Kinachomdanganya kijana ni sauti. Ukitoa filtri, pikipiki inanguruma kama simba, naye anasema imepata nguvu.

Na vumbi lenyewe silo la kuchezea. Katika eneo letu la dhahabu, kuanzia Namoya na Salamabila, wachimbaji wanasaga jiwe jeupe, ambalo wenye elimu ya mawe wanaliita kwatsi. Jiwe hilo ni gumu kuliko chuma cha silinda. Vumbi lake likiingia, linachanganyika na mafuta ya moteri na kuwa kama msasa. Segma zinalika, silinda inalika, mafuta yanapanda juu na kuungua. Basi unaona moshi wa buluu, halafu kila asubuhi unaongeza mafuta, halafu unapiga kiki mpaka mguu unauma. Katika kiangazi, moteri isiyo na filtri inaweza kufika hapo kabla miezi haijawa mingi.

Tena pikipiki nyingi si mali ya anayeiendesha. Ni ya mjomba, ni ya mama muuza vitenge, au ilinunuliwa kwa pesa ya likelemba, na kila jioni kijana analeta versema. Silinda ikiisha, anayepoteza si yule aliyetoboa peke yake. Wewe mama mwenye pikipiki, mwambie kijana afungue kiti mbele yako. Huhitaji kuwa fundi ili kuona tundu.

Sasa, namna ya kuipa pikipiki pumzi. Kama filtri ni ya sponji, ioshe kwa maji na sabuni, si kwa esansi. Usiisokote, ikamue tu kwa viganja. Ianike kivulini, kisha itie matone machache ya mafuta safi ya moteri na kuikamua tena, maana sponji kavu inapitisha vumbi. Kiangazi fanya hivyo kila juma. Kama ni ya karatasi kavu, usiiloweshe kamwe. Igonge polepole upande wa nje, na ikishakuwa nyeusi nunua nyingine. Ile ya karatasi yenye mafuta ya kiwandani haisafishwi, inabadilishwa.

Halafu tazama mpira unaotoka kwenye sanduku kwenda karibireta. Wengi wana filtri nzuri na mpira uliopasuka, na hilo ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Paka grisi kidogo ndani ya mpira, tembea siku mbili, kisha uguse kwa kidole. Ukikuta mchanga, vumbi lina njia nyingine.

Haya yanawahusu pia wenye motopompa na vinu vya kusaga mawe. Weka moteri upande upepo unakotoka, si pale vumbi linapoelekea. Na mama zetu wanaotwanga mawe, wamwagie mawe maji kabla ya kutwanga: vumbi lile linaloua silinda linaharibu na mapafu, na mapafu hayana duka la vipuri.

Wakati wa mvua adui ni maji. Kwenye mito inayoingia Luama, ukiona maji yatafika kiti, zima pikipiki na uisukume. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia silindani moteri ikiwa inazunguka, biela inapinda. Na kama imekwisha kumeza maji, usipige kiki. Toa buji kwanza, inamisha pikipiki, ndipo upige kiki polepole mpaka maji yatoke yote kwenye tundu la buji. Kausha filtri, tazama mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, yamwage yote utie mengine kabla hujawasha.